Mchezo wa Vita: Kanuni, Mwamuzi na Siri ya Majeshi

Mtu akikaa kando ya wachezaji wa bao huona upesi kwamba katika mchezo huo hapana siri. Kete 64 ziko mbele ya macho ya wote, na mwenye akili ya kuhesabu aweza kujua kila kilicho upande wa mwenziwe. Ndivyo ulivyo pia omweso wa Uganda, na ndivyo ilivyo sataranji. Anayeshindwa hawezi kudai kuwa alifichwa jambo. Alichokosa ni kuona mbali tu. Lakini vita vya kweli si hivyo. Jemadari hupigana na adui asiyemwona, kwa habari zilizochelewa na pengine za uongo. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi watu wa Ulaya walivyojaribu, kwa muda wa zaidi ya karne mbili, kulitia giza hilo la vita katika mchezo wa mezani. Njiani walikutana na maswali mawili: nani ajue nini juu ya jeshi la mwenziwe, na kanuni ipi iwe ya lazima na ipi ya hiari. Maswali haya yaonekana ya kitoto, lakini tutaona kuwa watu wazima wenye vyeo vikubwa walijikwaa juu yake.

Mwanzo wa habari hii ni sataranji. Mwaka 1780, huko Brunswick katika Ujerumani, mwalimu wa hisabati aitwaye Johann Christian Ludwig Hellwig alitoa mchezo wake wa vita. Mahali pa miraba 64 ya sataranji aliweka ubao wa miraba 1,617, iliyotiwa rangi mbalimbali kuonyesha milima, maji na aina nyingine za ardhi. Mahali pa farasi na ngome aliweka vikosi vya miguu, vya farasi na vya mizinga. Nia yake ilikuwa kuwafundisha vijana wa tabaka la wakubwa elimu ya vita pasipo kumwaga damu. Hata hivyo, mchezo wake ulibaki mtoto wa sataranji: jeshi likienda mraba kwa mraba, na yote yakiwa wazi.

Mageuzi makubwa yaliletwa Prussia na baba na mwanawe. Baba, Georg Leopold von Reisswitz, alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu mwaka 1812 meza nzuri yenye droo, iliyojaa vipande vya ardhi vilivyoweza kupangwa kwa namna nyingi. Ilikuwa meza ya kupendeza jumba la mfalme, lakini haikuwa ya kubebwa kambini. Mwanawe, luteni wa mizinga, ndiye aliyeufanya mchezo kuwa chombo cha jeshi. Katika kanuni alizozichapisha mwaka 1824 aliiacha meza na miraba, akatumia ramani halisi yenye kipimo cha 1 kwa 8,000. Vipande vidogo vya rangi nyekundu na buluu viliwakilisha vikosi; kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika mbili za vita; na dadu zilitumiwa kuonyesha kwamba bahati nayo ina fungu lake.

Lakini jambo kubwa kuliko yote lilikuwa kuwekwa kwa mwamuzi. Wachezaji hawakusogeza vikosi wapendavyo. Waliandika amri, wakampa mwamuzi, naye akazitekeleza juu ya ramani. Kikosi kilichojificha nyuma ya kilima hakikuwekwa ramani hata adui awe mahali pa kukiona. Hivyo kwa mara ya kwanza mchezaji alipaswa kuamua kama jemadari aamuavyo: akijua sehemu tu ya mambo. Mkuu wa maofisa wa makao makuu, Jenerali von Müffling, alipoonyeshwa mchezo huo alianza kwa ubaridi, akamaliza kwa kuusifu na kuupendekeza kwa jeshi lote. Mvumbuzi mwenyewe hakuishi kuyaona matunda ya kazi yake. Alihamishiwa Torgau, na huko akajiua mwaka 1827.

Mchezo haukufa naye. Baada ya Prussia kuishinda Austria mwaka 1866 na Ufaransa katika vita vya 1870 na 1871, mataifa mengine yalianza kuuliza maofisa wa Prussia walijifunza wapi, na mchezo wa vita ukaenea. Ajabu ni kwamba wakati wageni walipokuwa wakizitafsiri kanuni zake, wenyewe walikwisha kuzichoka. Majedwali yalikuwa marefu, hesabu nyingi, na pambano la muda mfupi liliweza kuchukua saa nyingi za kubishana juu ya tarakimu. Mwaka 1873 Jakob Meckel aliukosoa mzigo huo kwa maandishi, na mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akatoka na rai kali zaidi: majedwali na dadu yaachwe, na mwamuzi mwenye uzoefu wa vita aamue kwa akili yake. Tangu hapo kukawa na mikondo miwili, mchezo wa kanuni kali na mchezo huru.

Sisi walimu twaufahamu ugomvi huu. Mwongozo wa kusahihisha mtihani huwalinda wanafunzi na upendeleo wa msahihishaji, lakini waweza kumnyima alama mwanafunzi aliyejibu vyema kwa njia isiyotazamiwa. Msahihishaji aliye huru aweza kuitambua akili hiyo, lakini aweza pia kumpendelea amtakaye. Kanuni kali hukosa busara. Uhuru hukosa kinga.

Kwamba kinga hiyo si jambo dogo kulionekana mwaka 1942. Mwezi wa Mei wakuu wa jeshi la wanamaji la Japani walikutana katika manowari Yamato kuujaribu kwa mchezo mpango wao wa kukiteka kisiwa cha Midway. Kwa mujibu wa masimulizi ya Fuchida Mitsuo na Okumiya Masatake, maofisa wa jeshi hilo, ndege za Marekani zilizishambulia katika mchezo manowari za Japani za kuchukulia ndege. Okumiya, aliyekuwa mwamuzi, alitupa dadu, na hesabu ikawa mabomu tisa yamepiga. Akagi na Kaga zikahesabiwa kuwa zimezama. Hapo Admeri Ugaki Matome, msimamizi wa mchezo wote, aliingilia kati na kuagiza kwamba mabomu yawe matatu tu. Akagi ikaokoka, na Kaga iliyozama ikaja kufufuliwa katika sehemu ya mchezo iliyofuata. Tarehe 4 Juni vita vya kweli vilianza. Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu zote zilipotea, na Wajapani zaidi ya 3,000 wakafa. Hatusemi kwamba dadu lilitabiri. Dadu halitabiri kitu. Lakini lilikuwa limeuliza swali, na mwenye cheo akakataa kulisikia. Wahenga wetu walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Tungeweza kuongeza kwamba si mwanafunzi pia.

Mwaka huohuo, mjini Liverpool, Kapteni Gilbert Roberts wa jeshi la wanamaji la Uingereza aliendesha mchezo kwa moyo mwingine. Sakafu ya chumba ndiyo iliyokuwa bahari. Wasichana wa kikosi cha wanawake cha wanamaji walichora kwa chaki njia za meli na za nyambizi za Kijerumani. Maofisa waliocheza waliwekwa nyuma ya mapazia ya turubai yenye vipenyo, wasione ila yale ambayo nahodha angeyaona akiwa melini. Nayo chaki ya nyambizi ilikuwa ya rangi wasiyoweza kuitambua kutoka pale. Siri haikuwekwa ili kumfurahisha mkubwa, bali ili mchezaji apate shida ileile itakayompata baharini. Maelfu ya maofisa walipitia chumba hicho, na mbinu zilizobuniwa humo zilitumiwa kuzilinda meli za mizigo katika Atlantiki.

Wakati huo mchezo ulikuwa umekwisha kuingia pia katika nyumba za raia. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu chake Little Wars, chenye kanuni za kupigana kwa askari wadogo wa risasi na mizinga ya kuchezea iliyorusha vijiti. Wells hakutaka mwamuzi wala dadu. Ili kulinda siri ya mpango, alishauri pazia litandwe katikati ya uwanja wakati kila mmoja anapopanga askari wake. Pazia likiondolewa, yote huwa wazi. Naye alimaliza kwa kusema kwamba mwenye kuucheza mchezo huo atatambua jinsi vita vikubwa vilivyo upuuzi. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaanza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mchezo wa sanamu ndogo ulipata wapenzi wengi, hasa Uingereza, ambako kitabu cha Donald Featherstone cha mwaka 1962 kiliwatia watu moyo kujitungia kanuni zao. Warhammer, uliotoka mwaka 1983, ulianza kwa kumtaka msimamizi. Baadaye yakazoeleka mapambano ya watu wawili peke yao, wakiwa na orodha za majeshi zenye alama ya thamani kwa kila askari. Alipoondoka mwamuzi, maswali ya zamani yalirudi mikononi mwa wachezaji wenyewe. Je, niione orodha yako kabla ya kuanza? Wako wasemao kwamba kuificha kunafanana zaidi na vita. Wako wajibuo kwamba aliyefichwa hawezi kujua kama mwenziwe ametii kanuni au ameongeza askari pasipo haki. Na kanuni za hiari, kama za ukungu, za njaa au za hofu ya askari, nani azichague, na wakati gani?

Rai yetu ni kwamba historia imekwisha kujibu. Kanuni ya hiari si kanuni iliyo dhaifu. Ni kanuni inayongoja mapatano. Wachezaji wetu wa bao wanalijua hilo: wako wachezao bao la kujifunza, ambamo kete hupangwa zote tangu mwanzo, na wako wachezao bao la kiswahili lenye namua, wala hapana atakayeubadilisha mmoja kuwa mwingine katikati ya mchezo kwa sababu anashindwa. Kadhalika siri. Siri ya jeshi ni halali pale ambapo wote wawili wamekubali iwepo, na pale ambapo iko karatasi au mtu wa tatu wa kuishuhudia. Kosa la Yamato halikuwa kwamba kanuni zilikuwa kali au huru. Kosa lilikuwa kwamba zilibadilishwa baada ya dadu kuanguka, na mtu mwenye cheo ambaye hapana aliyethubutu kumpinga.