Poundage: Ushuru wa Pauni

Kwa Waingereza pauni ni uzito (ratili) na pia ni sarafu, kwa kuwa zamani peni 240 za fedha zilikuwa na uzito wa ratili 1. Kwa hiyo poundage ni malipo kwa kila ratili ya mzigo, au kwa kila pauni ya thamani yake. Iliyoleta fujo ni hii ya pili: shilingi 1 kwa pauni, bandarini. Mwaka 1625 wabunge walitaka kumpa Mfalme Charles I idhini ya kuitoza kwa mwaka 1 tu. Yeye akaendelea kutoza. Machi 1629 walimshikilia Spika kitini asifunge kikao, wakaazimia kuwa anayelipa ushuru huo bila idhini ya Bunge ni msaliti. Baada ya hapo Charles alitawala miaka 11 bila Bunge.