Hopsi Yako ni ya Nani?

Mtu akianza kujitengenezea bia nyumbani na aulize atumie hopsi gani, wasee humjibu kwa harufu tu. Hii inanukia chungwa, ile embe, ile msonobari. Sawa. Mimi huuliza: na mwenye hiyo hopsi ni nani?

Kwa wale hawajui, hopsi ni maua ya mmea unaopanda kwa kamba, na ndiyo huipa bia uchungu. Ukiyachemsha uchungu unatoka, lakini mafuta yenye harufu yanaenda na mvuke. Ndiyo maana wengine huyatia baadaye, bia ikishachacha, bila moto. Waingereza walikuwa wanayatupia ndani ya mapipa tangu karne ya 19, kwa hivyo msidhani ni mambo ya juzi.

Sasa shika mwaka wa 1956. Watafiti wa serikali ya Marekani kule Oregon walianza na mbegu yenye damu ya Fuggle, hopsi ya Kiingereza. Ikachukua miaka 16. Mwaka 1972 wakaitoa kwa jina la Cascade, na kwa sababu ilikuwa kazi ya pesa ya umma, mkulima yeyote angeweza kuipanda. Kampuni kubwa ziliitaka kwa sababu moja kavu: hopsi za Ujerumani zilikuwa zinashambuliwa na ugonjwa. Harufu yake ya balungi haikuwa ndoto ya mtu.

Walioipenda kwa harufu ni wadogo. Mwaka 1975, Anchor ya San Francisco ilitengeneza Liberty Ale, ikaitia Cascade bila kuchemsha. Mwaka mmoja baadaye, kijana Ken Grossman akafungua duka la vifaa vya kutengeneza bia nyumbani pale Chico. Cheki hii: sheria ya nchi ilikuwa bado haijaruhusu bia ya nyumbani! Divai ndiyo ilikuwa sawa. Rais Carter alitia sahihi ruhusa ya bia Oktoba 1978. Mwaka 1980 Grossman akaanza Sierra Nevada, na bia iliyomjulisha kwa watu ilinukia Cascade.

Mimi nasema yote hayo hayangetokea hivyo kama Cascade ingekuwa na mwenyewe. Linganisha na Citra, ile kila mtu anaisifu siku hizi. Ni tamu, sibishi. Lakini ina hataza, na mkulima hapandi bila kibali cha wenye nayo.

Na usifikirie ni shida ya Wamarekani pekee. Afrika Kusini, karibu na mji wa George, kuna mashamba ya hopsi. AB InBev iliinunua SABMiller mwaka 2016, ikapata na hopsi hizo. Mwaka 2017 watengenezaji wadogo wa Marekani wakaambiwa hazitauzwa kwao tena. Kampuni ilisema mavuno yalikuwa machache. Haya.

Cascade bado ni ya kila mtu. Ukipata kipande cha mzizi wake, panda, hakuna wa kukuuliza. Ila kwetu itakusumbua: mmea huu unataka siku ndefu za kiangazi ndiyo utoe maua vizuri, na hapa Nairobi saa moja jioni jua limeshaenda, Januari mpaka Desemba.