Vioja Mahakamani na Baraza la Watazamaji

Imezoeleka kudai kwamba vichekesho vya Sauti ya Kenya vilipendwa kwa kuwa hapakuwa na vingine vya kutazama. Hoja hiyo haitoshi. Ni kweli kwamba hadi 1990, KTN ilipoanzishwa, nchi ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni. Lakini vipindi vingi vya kituo hicho vilisahauliwa, ilhali Vioja Mahakamani kingali kinatazamwa na kujadiliwa mtandaoni.

Mvuto wake umo katika muundo. Mshtakiwa hujitetea, kiongozi wa mashtaka humbana, hakimu huamua. Mtazamaji anayeujua mwendo huo huketi kama mzee wa baraza, na huanza kuhukumu kabla ya hakimu. Katika nchi ya chai, pande za Mogogosiek, nafasi hiyo si ngeni: katika kokwet ya Wakipsigis, majirani husikiliza shauri na mwenye neno hulitoa.

Lililo zito zaidi ni lafudhi. Otoyo au Makokha hutambulikana kwa matamshi kabla ya kosa lake kusomwa. Je, mtazamaji anacheka au anachekwa? Swali hili si la mzaha, kwani mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992, yaliyofika hata Kericho, yaliifanya lafudhi kuwa jambo la hatari. Katika mahakama hii ya kubuni, hata hivyo, makabila hupokezana kizimbani. Mtazamaji aliyechekwa wiki hii hurejea wiki ijayo kumcheka jirani.