Maneno ya Upande wa Pili wa Kaunta

Mlo umekwisha, kikombe cha chai ya mwisho kimeletwa, na mteja aliyeketi kwenye kaunta ya sushi mjini Tokyo anainua kidole na kusema: oaiso. Anataka bili. Mpishi anaitikia, hesabu inaletwa, hakuna anayekunja uso. Hata hivyo, ukiuliza wapenzi wa lugha nchini Japani, watakuambia mteja huyo amechukua neno lisilo lake.

Aiso ni ukunjufu, ile bashasha ya kumpokea mtu. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba oaiso lilikuwa neno la mwenye duka. Alipoleta hesabu aliomba radhi kwamba ukunjufu wake haukutosha, maana kutaja fedha mbele ya mgeni kunaweza kuutia mlo nyongo. Likitoka kinywani mwa mteja linageuka shutuma: ukunjufu wenu nimeuchoka, nipeni hesabu niondoke. Neno linalomfaa mteja ni okanjo, yaani hesabu, basi. Wajapani wengi husema oaiso bila nia mbaya, na wapishi wamelizoea. Lakini mgeni anayelisema ili aonekane mjuzi ndiye hasa anayeonyesha kwamba hajui amekaa upande gani wa kaunta.

Wauza sushi wana lugha yao ya kazini, iitwayo fucho, iliyokusudiwa kusemwa mbele ya wateja bila wateja kuelewa. Sosi ya soya ni murasaki, zambarau. Wasabi ni namida, machozi, na sababu yake anaijua kila aliyeuonja kwa pupa. Chai ni agari. Kitu kikiisha jikoni husemwa yama, mlima. Ninayoyapenda kuliko yote ni aniki na ototo, kaka na mdogo. Samaki aliyeingia kwanza ni kaka, aliyeingia baadaye ni mdogo, na mpishi akinong'ona kwamba kaka atangulie, mteja anayesikia haambulii kitu. Fikiria angesema waziwazi: toa kwanza yule wa jana.

Kipande cha samaki, pweza au ngisi kinachowekwa juu ya wali huitwa neta, na hapa Mswahili anaweza kutabasamu, kwa kuwa huu ni mchezo wa kwao. Neta ni tane, mbegu, iliyopinduliwa silabi. Watoto wa pwani waliokua wakisema kinyume, wakigeuza samaki kuwa kisama, hawahitaji kufafanuliwa zaidi; mpishi wa sushi kwa Kiswahili angesema gumbe. Wali wenyewe uliotiwa siki huitwa shari, neno lililotoka Kisanskriti kwa njia ya dini ya Kibudha, ambako linataja masalia ya mifupa ya Budha, meupe na madogo kama punje. Masikio yetu bila shaka yatashtuka kusikia mpishi akitaja shari kila baada ya dakika mbili. Wasiopenda wali mwingi wanaweza kuomba upunguzwe. Nusu shari, kama methali inavyoshauri.

Majina ya vitu husafiri kwa urahisi na hayahitaji kikao cha istilahi. Wareno walileta carta huku na kule: kwetu ikawa karata, Japani ikawa karuta. Tempura pia huhusishwa na Kireno, hata ikiwa wanaisimu bado wanabishana juu ya neno mama. Padre Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India, na mwaka 1549 alishuka Kagoshima. Njia ya merikebu ilikuwa ileile, na maneno yalipakiwa pamoja na mizigo. Kwa hiyo sushi, wasabi na tempura yaacheni yaingie kama yalivyo, yameshaingia. Kazi ngumu ya mfasiri iko kwenye yale maneno ambayo ni sentensi, yanayobeba ndani yake nani anamwambia nani.

Chukua omakase. Kwenye orodha za migahawa duniani kote limekuwa jina la aina ya mlo, na mara nyingi la mlo wa bei mbaya. Asili yake ni kitenzi makasu, kumwachia mtu jambo aliamue. Mteja ndiye anayelitamka: nakuachia wewe. Si "niletee chochote". Hiyo ni kauli ya asiyejali, na mbele ya mpishi aliyeamkia sokoni kuchagua jodari ni tusi. Omakase ni kukabidhi, pamoja na hatari ya kukabidhi, kwa maana hujui kipande kijacho na pengine hujui bei mpaka mwisho.

Kiswahili kina mgahawa uliozaliwa namna hiyohiyo. Mama ntilie alipata jina lake kutoka kinywani mwa mteja: mama, nitilie. Hakuna aliyekaa mezani kulitunga. Mteja kasimama mbele ya masufuria, anaona wali, maharage, mchicha, anaonyesha kwa kidole, na kauli ya kutendea inafanya kazi iliyobaki. Tofauti iko katika kitenzi. Nitilie inaamuru kwa upole, macho yakiwa kwenye sufuria. Omakase inafumba macho. Ningependa kuona mgahawa wa Kijapani Dar es Salaam au Nairobi unaothubutu kuandika kwenye orodha yake "Nakuachia Wewe". Nadhani ungeeleweka haraka kuliko maelezo yoyote marefu ya mlo maalumu wa mpishi.

Mlangoni napo kuna kizungumkuti. Ukiingia tu, wafanyakazi wote wanapaza sauti: irasshaimase! Mswahili aliyelelewa vizuri anatafuta jibu. Kwetu mgeni hutangulia na hodi, mwenyeji hufuata na karibu, kisha asante au starehe, na mzunguko unafungika. Wajapani wanayo hodi yao, gomen kudasai, lakini hiyo ni ya milango ya nyumba. Irasshaimase ya mgahawani haidai jibu. Inatosha kuinamisha kichwa kidogo na kuonyesha mko wangapi. Asante yako utaishika mkononi hadi mwisho wa mlo, na huko ina kazi.

Anayekaribishwa huitwa okyakusama. Kyaku ni mgeni wa nyumbani na ni mnunuzi wa dukani, neno moja kwa wote wawili, likavishwa heshima mbele na nyuma. Sisi tumewatenganisha. Mgeni anakuja nyumbani. Mteja yuko dukani, yuko kwa mganga, na siku hizi yuko kwenye ile sauti ya simu inayokuambia hapatikani. Kumwita okyakusama "mteja" ni kumvua joho. "Mgeni wetu" inakaribia zaidi, hata kama ameshika pochi.

Kisha kuna kauli iliyoharibika kabisa kwa kuvuka kaunta. Mwimbaji Minami Haruo alijulikana miaka ya 1960 kwa kusema kwamba okyakusama ni mungu. Mwenyewe alieleza kuwa alikuwa akitaja hali ya moyo wake jukwaani: anaimba kwa unyofu, kama mtu anayesali mbele ya madhabahu. Lilikuwa neno la mtoa huduma juu ya nafsi yake. Wateja wakalichukua wao. Mimi ni mungu, kwa nini chai imechelewa? Matokeo yake yamezaa istilahi nyingine, kasuhara, kifupisho cha unyanyasaji unaofanywa na wateja, na Jiji la Tokyo likatunga sheria ndogo dhidi yake iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2025. Maduka yetu yanayobandika ukutani "Mteja ni mfalme" yangefanya vizuri kutafakari nani anatakiwa kuisoma karatasi ile. Ikielekezwa jikoni ni nidhamu. Ikielekezwa mlangoni ni fujo.

Mteja wa Kijapani hakunyimwa maneno yake. Kabla ya kula husema itadakimasu, hata akiwa peke yake, kutoka kitenzi kilichomaanisha kuweka kitu utosini, kama anavyopokea aliye chini kutoka kwa aliye juu. Akimaliza, na tena anapotoka mlangoni, humwambia mpishi gochisosama. Ndani yake mna chiso, kukimbia huku na huko, zamani kwa farasi, kumtafutia mgeni chakula. Watafsiri huandika "asante kwa chakula", na hawajakosea, ila mbio zimepotea. Kiswahili kinazo. Mpitie mpishi unapotoka, umwambie "pole na kazi", nawe umesema karibu kila kilichomo kwenye gochisosama: nimeona ulivyohangaika.

Limebaki moja linalowagombanisha wageni na bili kuliko yote. Katika izakaya, vilabu vyao vya pombe na vitafunio, ukikaa tu unaletewa kisahani ambacho hukukiagiza, pengine mboga ya siki au samaki kidogo, na bili ikija kimo, yeni mia kadhaa kwa kila kichwa. Huitwa otoshi, "kupitisha", kwa kuwa huja baada ya agizo lako kupitishwa jikoni. Wageni hulalamika wameibiwa. "Kionjo" haitafaa, maana kionjo ni cha bure. Mimi ningependekeza kifungua mlango. Bwana harusi wa pwani anaijua ada hiyo: hakuiagiza, haina mjadala, na asipoitoa haingii ndani.