Mlima Ulio Ng'ambo ya Mpaka

Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona vema tueleze nembo ya iliyokuwa Jamhuri ya Kisovieti ya Armenia. Ilitokana na mchoro wa msanii Martiros Saryan. Ina nyundo na mundu, alama ya wafanyakazi na wakulima, miali ya jua, zabibu na masuke ya ngano. Hayo ni ya kawaida kwa jamhuri za Kisovieti. Lakini katikati umesimama mlima Ararati, ule wa safina ya Nuhu, nao haumo Armenia! Kwa Mkataba wa Kars wa mwaka 1921 ulibaki Uturuki. Kutoka mji mkuu, Yerevan, unaonekana kwa macho siku ya mbingu safi, ila mpaka uko kati. Wengi waliokuwa wakiutazama ni wakimbizi waliookoka mauaji ya kimbari yaliyoanza 1915, pamoja na watoto wao. Sisi tuliovuka mpaka hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Inasimuliwa kwamba Waturuki walipolalamika, walijibiwa: nanyi mna mwezi kwenye bendera yenu, je, mwezi ni mali yenu?

Mwaka 1992, Armenia ikiwa nchi huru, nyundo na mundu viliondolewa. Mlima hawakuuondoa, umo katika nembo ya sasa, na safina juu yake.