Haki Katika Sahani: Mzio wa Chakula na Bwalo la Chuo

Tunapozungumzia uraia tumezoea kutaja kura, katiba na mahakama. Leo nakualika uingie katika bwalo la chuo kikuu, kwa maana humo pia haki imedaiwa.

Tuanze na neno lenyewe. Mzio ni chakula ambacho mtu hukiepuka kwa sababu humdhuru. Siku hizi neno hilo hutaja pia hali ya mwili inayosababisha madhara hayo. Mwili wenye mzio huiona protini isiyomdhuru mtu mwingine kuwa adui, ukapambana nayo. Midomo huvimba, ngozi huwasha, na mara nyingine pumzi huziba na shinikizo la damu kushuka ghafla. Hali hiyo ya mwisho yaweza kuua kwa muda mfupi.

Elimu ya tiba ilitangulia sheria kwa mbali. Mwaka 1902 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walieleza hali hiyo kali na kuipa jina la anafilaksia. Mwaka 1906 daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, akabuni neno alejia. Ilipita karibu karne nzima kabla ya Bunge la Marekani kupitisha, mwaka 2004, sheria ya kuwataka watengenezaji wa vyakula vya pakiti wataje wazi aina nane za vyakula: maziwa, mayai, samaki, kamba na jamii yake, karanga, jamii ya korosho na lozi, ngano, na soya. Sheria ilianza kutumika mwaka 2006. Ufuta uliongezwa kwa sheria ya mwaka 2021.

Hata hivyo, msomaji wangu, tazama pengo lililobaki. Maandishi hukaa juu ya pakiti, ilhali mwanafunzi katika bwalo huteguliwa chakula kutoka sufuriani. Atajuaje kilichomo? Wahenga walituonya kwamba sumu haionjwi.

Pengo hilo lilidhihirika katika Chuo Kikuu cha Lesley, jimboni Massachusetts. Baadhi ya wanafunzi wa chuo hicho walilazimika kulipia mpango wa chakula ambacho, kwa sababu ya mzio au ugonjwa wa siliaki, hawakuweza kukila kwa usalama. Siliaki si mzio. Ni ugonjwa ambao gluteni ya ngano, shayiri na rai huufanya mwili uudhuru utumbo wake wenyewe. Malalamiko yalifika Wizara ya Sheria ya Marekani, nayo ikaegemea sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu. Desemba 2012 pande mbili zikaafikiana. Chuo kilikubali kuandaa vyakula salama, kuwaruhusu wanafunzi kuagiza mlo mapema, kutenga mahali maalumu pa kuhifadhi na kupika vyakula hivyo, kuwafunza watumishi, na kulipa fidia ya dola 50,000.

Makubaliano hayo hayakuwa hukumu ya mahakama, wala hayakusema kwamba kila mzio ni ulemavu. Uzito wake u katika hoja moja: ukimlazimisha mtu kulipia meza, huna budi kumwandalia nafasi ya kula mezani hapo. Ulemavu usioonekana kwa macho nao ni ulemavu.

Lakini sheria haipiki. Anayeitekeleza ni mpishi, na pengine mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo jikoni mwa chuo, ambaye kazi yake ni kuandika kadi za vyakula na kujibu maswali ya wenzake. Upawa uliotoka katika mchuzi wa karanga ukitumbukizwa katika mchuzi wa nyama, kadi iliyoandikwa vizuri imekuwa uongo. Mtumishi akijibu “nadhani hakina karanga”, amemwachia mwenzake bahati nasibu. Jibu la kiungwana ni “subiri nikaulize”.

Nawe msomaji, huenda unasoma shule ya bweni ambako sufuria ni moja na chaguo ni moja. Mwenzako akisukuma sahani kando, usikimbilie kumwita mchaguzi. Muulize kinachomdhuru.

Swali la kujadili: Je, taasisi inayomtoza mwanafunzi ada ya chakula ina wajibu gani kwake asiyeweza kula kilichopikwa? Jibu kwa aya mbili za Kiswahili sanifu.