Likizo Majini: Mifereji ya Uingereza ni Mali ya Nani?

Anayepanga likizo ya boti katika mifereji ya Uingereza huanza na hesabu. Huchukua idadi ya maili za njia aliyoichagua, akajumlisha na idadi ya malango ya maji yaliyomo njiani, kisha akagawa kwa tatu. Jibu lake ndilo makadirio ya saa atakazokaa safarini. Tuchukue njia mashuhuri iitwayo Duara la Cheshire, kaskazini-magharibi mwa England. Duara hili lina maili 97 (takriban kilomita 156) na malango 92. Jumla ni 189; ukigawa kwa tatu, unapata saa 63. Kwa likizo ya siku saba, hizo ni saa tisa kila siku, na hapo hujahesabu muda wa kula wala wa kushuka kununua mkate.

Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini hakuna tarakimu ndani yake iliyotokea kwa bahati. Upana wa boti, idadi ya malango, mwendo unaoruhusiwa, hata ule ukweli kwamba duara linafungika na msafiri anaweza kurudi alikoanzia bila kugeuza boti: yote hayo ni matokeo ya maamuzi, sheria, jasho na ugomvi wa zaidi ya miaka 250. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba likizo ya mfereji, inayoonekana kuwa burudani isiyo na siasa, ni mojawapo ya mifano bora ya swali kongwe la siasa: mali iliyojengwa na wengi ni ya nani, na nani alipe gharama ya kuitunza?

Makaa, vyombo vya udongo na pamba

Mfereji wa Bridgewater, ambao leo ni upande mmoja wa Duara la Cheshire, ulifunguliwa mwaka 1761. Francis Egerton, Duke wa Bridgewater, alikuwa na machimbo ya makaa ya mawe huko Worsley, na soko lake lilikuwa Manchester. Barabara za wakati huo zilikuwa mbovu, na gharama ya kusafirisha makaa kwa farasi ilikula faida. Mhandisi wake, James Brindley, aliyekuwa hajui kusoma na kuandika sawasawa, aliuvusha mfereji juu ya mto Irwell kwa daraja la mawe lililobeba maji na boti zake. Bei ya makaa mjini Manchester ilishuka kwa takriban nusu.

Matajiri wengine hawakuhitaji kuhubiriwa. Josiah Wedgwood, mfinyanzi maarufu, alikuwa akipoteza vyombo vingi vilivyovunjika barabarani, hivyo akawa mstari wa mbele kuunga mkono mfereji wa Trent and Mersey. Mfereji huo ulianza kuchimbwa mwaka 1766 na kukamilika mwaka 1777. Ni hapo Brindley alipofanya uamuzi unaomtawala msafiri hadi leo. Ili kupunguza gharama za ujenzi na kubana matumizi ya maji, malango yake aliyapa upana wa takriban futi 7, yaani mita 2.1 na ushei, na urefu wa futi 72 hivi. Boti pana kuliko hapo haipiti. Mtalii wa leo anayelalamika kwamba kitanda chake ni chembamba na jiko limebanana na mlango analalamikia uamuzi wa mhandisi aliyefariki mwaka 1772.

Lango lenyewe ni chumba cha mawe chenye milango pande mbili. Boti inayopanda huingia kwa chini, milango hufungwa nyuma yake, kisha maji ya juu huachiwa kidogo kidogo mpaka chumba kijae na boti inyanyuke. Inayoshuka hufanya kinyume chake. Kazi hiyo huchukua kama robo saa, na mtalii huifanya mwenyewe kwa mkono wa chuma anaokabidhiwa pamoja na funguo za boti. Anayeshuka huonywa asiiache tezi ya boti irudi nyuma karibu na mlango wa juu, kwa kuwa kuna kizingiti cha mawe kilichofichwa na maji. Maji yakipungua, tezi ikakwama juu ya kizingiti huku omo ikishuka, boti huinama na inaweza kuzama katika dakika chache.

Nani aliyechimba? Makumi ya maelfu ya vibarua, kwa sururu, koleo na mikokoteni. Nani aliyefaidi? Hapa yafaa tusiwe wepesi wa kusahau. Mwaka 1776 mfereji wa Bridgewater ulifikishwa Runcorn, ukaunganishwa na mto Mersey, na kwa njia hiyo na bandari ya Liverpool. Liverpool ya wakati huo ilikuwa bandari kuu ya Uingereza katika biashara ya watumwa. Miongoni mwa shehena zilizopanda kuelekea viwanda vya Manchester ilikuwamo pamba, na kadiri karne ya 19 ilivyosonga mbele, sehemu kubwa ya pamba hiyo ilivunwa na watumwa weusi wa kusini mwa Marekani. Maji haya tulivu yana watu wengi nyuma yake ambao hawakupata kuyaona.

Nyumba ya mita tatu

Mwaka 1830 reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa, na enzi ya mifereji ikaanza kuzama. Baadhi ya kampuni za reli ziliinunua mifereji, na si mara zote kwa nia ya kuiendeleza. Ushindani ulipokaza, nauli za mizigo zilishuka, na mwenye boti akatafuta pa kupunguza. Akapunguza mishahara: akaacha kuajiri msaidizi, akamchukua mkewe na watoto wake wawe mabaharia wasiolipwa. Familia nzima ikahamia katika chumba cha tezi chenye urefu wa kama mita tatu na upana wa mita mbili, wakilala, wakipika na wakizaa humo, ilhali sehemu kubwa ya boti ikiachiwa mzigo.

Watoto hao hawakusoma, kwani boti haikukaa mahali pamoja muda wa kutosha. Mwanamageuzi George Smith wa Coalville aliipigia kelele hali hiyo mpaka Bunge likatunga sheria ya mwaka 1877, iliyotaka boti zinazokaliwa na watu ziandikishwe na idadi ya wakazi iwekewe mipaka. Mwaka 1884 sheria hiyo ikaongezewa nguvu. Leo mtalii hupiga picha michoro ya mawaridi na makasri iliyopakwa kwenye milango na ndoo za boti za kale, na ni michoro mizuri kweli. Lakini ilipakwa na watu waliokuwa wakijaribu kuifanya mita sita za mraba ionekane nyumbani.

Safari iliyokuwa kesi

Kufikia miaka ya 1930 mifereji mingi ilikuwa imejaa tope na magugu. Hapo ndipo anapoingia L.T.C. Rolt, mhandisi na mwandishi, ambaye mwaka 1939 alianza safari na mkewe katika boti yao, Cressy. Kitabu chake kuhusu safari hiyo, *Narrow Boat*, kilitoka mwaka 1944. Mmoja wa wasomaji wake alikuwa Robert Aickman, na mwaka 1946 wawili hao, pamoja na wenzao, waliunda Inland Waterways Association, chama cha kuitetea mifereji.

Mbinu yao ya kwanza inastahili kufundishwa katika madarasa ya sheria. Katika mfereji wa Stratford palikuwa na daraja la chini lililomilikiwa na kampuni ya reli ya Great Western, lililoziba njia. Mfereji haukuwa umefutwa kisheria. Haki ya kupita ilikuwapo, ila hakuna aliyeidai. Mwaka 1947 Rolt aliijulisha kampuni kwamba anakuja na boti yake na kwamba anadai kupita. Kampuni ililazimika kulinyanyua daraja kwa jeki ili Cressy ipite chini yake. Rolt hakuwa na shehena yoyote. Alikuwa na haki, na alijua kwamba haki isiyotumika hufa kimyakimya, hata kama bado imeandikwa vitabuni.

Mwaka 1948 serikali ya chama cha Labour iliitaifisha mifereji mingi pamoja na reli. Kutaifisha peke yake hakukuiokoa, kwani serikali nayo iliona hasara tu katika vitabu vya hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, halmashauri ya Warwickshire ilitaka sehemu ya kusini ya mfereji uleule wa Stratford ifutwe rasmi, ili isilazimike kujenga upya daraja moja. Hoja ilikuwa kwamba hakuna aliyeutumia. Watetezi wakaleta ushahidi: hati ya malipo ya waendesha mitumbwi waliokuwa wamepita humo. Ombi la kuufuta mfereji likakataliwa mwaka 1959. Ukarabati ukafuata, chini ya usimamizi wa David Hutchings, kwa mikono ya watu wa kujitolea, wanajeshi na wafungwa, na mwaka 1964 Mama wa Malkia akaufungua. Hivyo matembezi ya mtumbwi yaliokoa mfereji mzima.

Waasisi wenyewe hawakudumu pamoja. Rolt alijali kwanza mifereji yenye kazi na watu waliofanya kazi humo. Aickman alitaka kila maili iokolewe, na aliona mustakabali katika burudani. Rolt alitolewa chamani mwaka 1951. Historia ilimpa Aickman ushindi: baridi kali ya 1962 na 1963 ilizigandisha boti majini kwa wiki nyingi, na wenye mizigo waliohamia barabarani wengi hawakurudi. Sheria ya Usafirishaji ya mwaka 1968, iliyoandaliwa wakati Barbara Castle akiwa waziri, ikaitambua sehemu kubwa ya mifereji kuwa ya matembezi. Mwaka 1974 mifereji ya Ashton na Peak Forest ya chini, iliyokuwa imegeuka madampo ya magari mabovu, ilifunguliwa upya baada ya miaka ya kazi ya kujitolea. Bila kazi hiyo Duara la Cheshire lisingekuwa duara.

Duara lililokatika

Tangu mwaka 2012 mifereji iliyokuwa ya serikali katika England na Wales iko mikononi mwa Canal & River Trust, taasisi ya hisani inayosimamia maili 2,000 hivi za njia za maji. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba ruzuku yake kwa taasisi hiyo itapungua kuanzia 2027. Uamuzi huo una uzito tukikumbuka yaliyotokea Agosti 2019, pale ukuta wa bwawa la Toddbrook, lililojengwa katika karne ya 19 kuulisha mfereji wa Peak Forest, ulipobomoka kiasi na kulazimu watu wapatao 1,500 wa mji wa Whaley Bridge kuhamishwa. Mfereji haukubali kutelekezwa. Reli isiyotumika huota kutu tu. Tuta la maji lisilotunzwa huja mlangoni kwako.

Ushahidi wa karibu zaidi ni wa tarehe 1 Januari 2025. Baada ya mvua kubwa, tuta la mfereji wa Bridgewater lilipasuka karibu na Dunham Massey, maji yakamwagika mashambani, na Duara la Cheshire likakatika. Mfereji huu haukutaifishwa mwaka 1948. Ulikuwa mali ya kampuni binafsi na umebaki hivyo. Ndipo swali la nani alipe likaibuka kwa sura mpya, kwa kuwa hasara ya mpasuko mmoja haiishii kwa mwenye tuta. Inawafikia wakodishaji wa boti, wenye mikahawa na wakazi wa kando ya maji katika mzunguko wa maili 97.

Wapo pia wasioitwa watalii. Kupanda kwa kodi za nyumba, hasa London, kumewafanya maelfu wahamie katika boti. Sheria ya mwaka 1995 inamtaka asiye na gati lake asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, na tangu 2024 anatozwa ada ya ziada ya leseni. Hivyo mzazi mwenye mtoto shuleni hulazimika kuhamisha nyumba yake kila wiki mbili, jambo ambalo George Smith angelitambua mara moja.

Kwa hiyo, msomaji, anayepanga likizo ya aina hii hana budi kuuliza zaidi ya idadi ya malango. Aangalie taarifa za njia zilizofungwa, kwani kiangazi cha 2025 ukame ulifunga sehemu kadhaa. Apunguze mwendo usizidi maili nne kwa saa, maana mawimbi hula kingo. Apishane na wengine kwa kushika upande wa kulia. Na akilipa kodi ya boti, akumbuke kwamba analipia sehemu ndogo tu ya gharama. Sehemu kubwa ilikwisha lipwa na vibarua, na watumwa, na watoto wasiosoma, na watu wa kujitolea waliozoa tope siku za mapumziko. Taifa linaloipokea mali ya namna hiyo halina haki ya kuihesabu kuwa mzigo pale tu inapohitaji kutengenezwa.